Barua kwa mwanangu askari: kuhusu amri, kukataa na kusema

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako tumeipata, na mamako na mimi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba umemaliza mafunzo ukiwa mzima wa afya na kwamba umeshapangiwa kikosi. Habari za nyumbani ni njema, na nitakuandikia siku nyingine. Leo nataka nijibu swali lako peke yake, kwa sababu nimeona jinsi ulivyolizunguka kurasa mbili nzima kabla ya kulitamka.

Umeniambia kwamba mwenzako mmoja kambini, kijana wa Wajir, amekusimulia habari za babu yake aliyekufa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, huko Wajir, wanajeshi wetu walipowaua raia mwezi wa Februari mwaka 1984, ukaniuliza: "Baba, lau ningekuwa askari wa chini pale Wagalla, nimepewa amri, ningefanya nini? Na lawama ingekuwa yangu au ya mkubwa wangu?" Kisha ukaongeza pembeni, kwa mwandiko mdogo, kwamba mshahara wako ndio unaolipa karo ya wadogo zako. Hilo la pembeni nimeliona, nami nitalifikia.

Kuhusu lawama, ni ya wote wawili. Aliyeamrisha ana lake, na pengine ndilo kubwa. Aliyefyatua risasi naye ana lake, na la mmoja halipunguzwi na la mwenziwe. Najua tumekulea kwa kukwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na najua jeshini utaambiwa vivyo hivyo kila alfajiri. Sitaki uyatupe hayo, kwa sababu jeshi lisilotii linageuka kuwa genge lenye bunduki, na wa kwanza kuumia ni raia. Lakini utii una mpaka, na mpaka huo ulifundishwa chuoni ungali mdogo. Unaikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya kiongozi wa kikosi aliyewakasirikia askari wake akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Walitazamana, wakasema kwamba wao walimfuata Mtume ili waukimbie moto, iweje sasa wauingie? Wakasitasita mpaka moto ukazimika na hasira za mkubwa wao zikatulia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari alisema kwamba lau wangeuingia wasingetoka humo kamwe, kwani utii ni katika jambo jema. Watu wale walikuwa vitani, mbele ya amiri waliyeamrishwa kumtii, na kusita kwao hakukuhesabiwa kuwa uasi.

Sheria za dunia nazo zimefika hapo hapo. Sheria yetu ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 inamwadhibu anayekaidi amri iliyo halali. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, unasema katika kifungu cha 33 kwamba amri ya mkubwa haimwokoi askari ikiwa ubaya wake ulikuwa dhahiri, na kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari au jinai dhidi ya ubinadamu huhesabiwa kuwa dhahiri daima. Kifungu cha 28 kinamkamata na mkubwa aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala asiadhibu. Vifungu hivyo viwili visome pamoja, mwanangu, kwa maana kila upande hupenda kusoma kile kinachomgusa mwenziwe.

Utaniuliza askari wa miaka ishirini atajuaje, katika purukushani, kwamba amri ni haramu. Tarehe 29 Oktoba 1956 jeshi la Israeli liliweka amri ya kutotoka nje katika vijiji vya Waarabu vya mpakani, ikaagizwa kwamba atakayeonekana nje baada ya saa kumi na moja jioni apigwe risasi. Mkuu wa kijiji cha Kafr Qasim aliarifiwa nusu saa tu kabla, ilhali watu wake wako mashambani na vibaruani. Waliporudi, wengine kwa baiskeli, wengine wamepakiana kwenye magari, waliuawa karibu watu 50, wanawake na watoto wakiwamo. Jioni ile ile, kwa amri ile ile, makamanda wa vikosi vilivyokuwa katika vijiji jirani waliwaacha watu wapite waende majumbani kwao. Hakuna aliyewapa kitabu cha sheria wakasome. Waliwaona watu wanatoka kazini, wakaelewa. Jaji Benjamin Halevy, aliyewahukumu wauaji, alisema kwamba juu ya amri ya namna hiyo hupepea bendera nyeusi inayoonya kwamba imekatazwa. Ni kweli kwamba vifungo vyao vilipunguzwa hata kufikia mwaka 1960 wote wako nje, na mkuu wa brigedi akatozwa faini ya senti chache tu. Jambo hilo hunikera kila ninapolifikiri. Lakini maneno ya jaji yamebaki, na wanasheria wa nchi nyingine wanayatumia hadi leo.

Sasa nikueleze la askari wa chini, kwa sababu hapo ndipo ulipo wewe. Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1968, kikosi cha Wamarekani kiliingia katika kitongoji cha My Lai, mkoa wa Quang Ngai, Vietnam, kikaanza kuua wazee, wanawake na watoto ambao hawakurusha hata jiwe. Hesabu ya jeshi lao ilikuwa 347. Wavietnamu wanahesabu 504. Juu yao ilikuwa ikiruka helikopta ndogo ya upelelezi yenye watu watatu: rubani Hugh Thompson, mwenye umri wa miaka 24, Glenn Andreotta, na mpiga bunduki Lawrence Colburn, ambaye alikuwa na miaka 18 tu. Mwanzoni walidhani ni vita vya kawaida. Waliwaona majeruhi wakawawekea alama za moshi ili wapelekewe matibabu, na waliporudi wakawakuta wameuawa. Thompson alitua kando ya mfereji uliojaa watu, akauliza kunani. Luteni aliyekuwa pale, William Calley, akamwambia ashughulike na yanayomhusu.

Alipoona kundi la raia limejificha ndani ya handaki na askari wa nchi yake wanalikaribia, Thompson alitua katikati, baina ya bunduki na wale watu. Aliwaambia wenzake wawili kwamba iwapo Wamarekani wangewafyatulia risasi raia, wao wawafyatulie Wamarekani. Kisha akashuka, akaenda kwa miguu mpaka handakini, akawaita watu kwa ishara za mikono, akaita kwa redio marubani wa helikopta kubwa zaidi waje wawachukue. Walitoka watu kama kumi. Baadaye Andreotta aliingia ndani ya mfereji, akapita juu ya maiti, akamtoa mtoto mmoja aliyekuwa hai, wakamkimbiza hospitali ya Quang Ngai. Andreotta aliuawa vitani wiki tatu baadaye.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye helikopta. Mimi, niliyekaa miaka mingi nikiwa karani wa mahakama nikiandika maneno ya mashahidi, naona uzito wake uko katika yaliyofuata. Thompson aliporudi kambini aliwaeleza wakubwa wake, siku ile ile, kwa hasira na kwa ufasaha, kile alichokiona, na inajulikana kwamba baada ya malalamiko yake amri ya kusitisha mauaji ilitoka. Hata hivyo taarifa rasmi ilisema wameuawa maadui 128, huku bunduki zilizokamatwa zikiwa 3. Adui 128 kwa bunduki 3! Aliyeisoma hesabu hiyo na kuitia sahihi alijua anachokitia sahihi.

Mwaka mzima ukapita. Aliyelifungua jambo ni askari mwingine, Ron Ridenhour, ambaye hakuwepo My Lai kabisa. Alisikia kutoka kwa wenzake, akaendelea kuwauliza mmoja mmoja, na mwezi Machi 1969 akawaandikia barua viongozi wapatao 30 wa serikali na Bunge, akitaja mahali, vikosi na majina. Uchunguzi ukaanza kwa sababu ya karatasi hiyo. Walishtakiwa watu 26, akatiwa hatiani Calley peke yake, mwaka 1971, kwa kuua raia 22. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaishia kukaa kizuizini nyumbani kwake miaka kama mitatu na nusu. Thompson aliyetoa ushahidi alitishiwa kuuawa, na kuna mbunge aliyesema kwamba anayestahili adhabu ni yeye. Nishani yake alivikwa mwaka 1998, miaka thelathini baadaye, pamoja na Colburn. Ya Andreotta ilitolewa baada ya kufa kwake.

Nakwambia haya bila kuyapamba kwa sababu sitaki nikudanganye kwamba mwenye kukataa hushangiliwa. Nataka uone kwamba kukataa kuliwaokoa watu kama kumi na mtoto mmoja, na kwamba kusema ndiko kulikoufanya ulimwengu ujue habari za mamia ya wengine. Ni kazi mbili, na askari mwema anaweza kuifanya ya kwanza akaikimbia ya pili. Nina hakika palikuwa na askari Wagalla ambao hawakupiga risasi, walioelekeza mitutu pembeni, labda waliompa mtu maji kwa siri. Mungu awalipe. Lakini wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, walivuliwa nguo wakakalishwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, wakapigwa risasi, na serikali ikatamka kwamba waliokufa ni 57, ilhali walionusurika wanasema ni maelfu. Tunayoyajua tumeyapata zaidi kwa vinywa vya walionusurika na wajane, na kwa juhudi za Annalena Tonelli, mama wa Kiitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, ambaye alisaidia kukusanya maiti na kutoa ushahidi, kisha akalazimika kuondoka nchini. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Mpaka leo hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Na kabla ya hapo, huku kwetu pwani, Hola. Tarehe 3 Machi 1959 askari jela, Waafrika wenzetu wakisimamiwa na Waingereza, waliamrishwa kuwalazimisha wafungwa 88 wa Mau Mau wafanye kazi, wakawapiga kwa marungu mpaka wakafa 11. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Kila mtu aliyekuwa pale, mwenye rungu na asiye na rungu, alijua kwamba tangazo lile ni uongo.

Basi ukiniuliza ungefanya nini, nakujibu kwa yale unayoweza kuyafanya tangu sasa. Ongea na wenzako wa kikosi wakati wa amani, mkiwa mnakunywa chai, mkubaliane kwamba kuna mambo hamtayafanya. Anayekataa peke yake hutishwa upesi, na watatu si rahisi kuwatisha. Amri ikikutia shaka, iulize kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, umwombe mkubwa airudie mbele ya wengine, kwani wapo wanaoiacha wanapotakiwa kuitamka mara ya pili. Ukikataa, kataa kwa maneno machache. Kisha, kabla hujalala, andika tarehe, saa, mahali, nani alitoa amri, kwa maneno gani, nani walikuwa wamesimama wapi. Usiandike unachodhani. Shahidi anayeifaa mahakama ni yule anayekumbuka mlango ulikuwa upande gani, na kumbukumbu hizo huanza kufifia katika wiki ya kwanza. Ripoti kwa mkubwa aliye juu ya aliyekuamrisha. Akiifungia mezani, ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na wapo mawakili hapa Mombasa watakaokusikiliza.

La mwisho ni lile uliloliandika pembeni. Mwanangu, usije ukatuweka sisi kati yako na jambo hilo. Nimeongea na mamako, na wadogo zako wakubwa wamesikia: ukirudi nyumbani umefukuzwa kazi kwa sababu umekataa kumuua mtu asiye na silaha, chumba chako kipo, na karo tutaitafuta kwa pensheni yangu na kwa harambee ya jamaa kama tulivyokuwa tukifanya kabla hujaajiriwa.

Mamako anakusalimu sana.

Ni mimi babako