Spoku zinakatika kwa kulegea, si kwa wembamba

Mkuu, umeuliza kwa nini spoku za nyuma zinakukatikia kila wiki ilhali umeshafunga zile nene. Mimi nimebeba mkaa kwa baiskeli miaka sita, nikiingia nao Tabora mjini, magunia mawili kwa safari. Hizo nene nilizifunga kabla yako na hazikunisaidia.

Chukua spoku iliyokatika uiangalie vizuri. Nyingi hukatikia shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu. Utaona sehemu ya mkato ni nyeusi na laini, halafu kuna kipande kinang'aa. Ile nyeusi ni ufa wa siku nyingi. Kinachong'aa ndicho kilichoachia leo. Kwa hiyo shimo la jana barabarani usilisingizie.

Gurudumu likizunguka na mzigo, spoku inayofika chini hulegea kidogo, ikipanda hukaza tena. Gurudumu la inchi 28 huzunguka kama mara 450 kwa kilomita moja, sasa piga hesabu ya safari zako. Spoku zikiwa zimekazwa sawasawa, shingo hutulia. Zikiwa legelege, shingo inacheza kwenye tundu, inakunjwa na kukunjuliwa kama waya unaoukata kwa mkono.

Spoku nene inataka kukazwa kwa nguvu zaidi, na ringi zetu nyingi hazihimili, zinapinda. Fundi anaogopa, anaziacha zimelegea, nawe unarudi palepale. Iliyo bora ni ile nene shingoni na nyembamba kuanzia hapo, kwa sababu inavutika kidogo badala ya kulegea kabisa. Ukiuliza dukani, kumbuka geji, yaani namba ya unene, ikiwa ndogo ndiyo nene: 14 ni milimita 2, 13 ni kama 2.3. Kwa mzigo kama wetu, tafuta yenye 13 shingoni na 14 upande wa nati, ile inayoishika kwenye ringi. Chukua za chuma kisichoshika kutu, maana zile za kupakwa zinki zikianza kutu shingoni, ufa hauko mbali. Tundu la habu likiwa limeshapanuka, weka washa ndogo, kile kipete bapa cha chuma, chini ya kichwa cha spoku.

Lakini ufungaji ndio kila kitu. Fundi mmoja, mzee wa pale sokoni, alinifungia zote 40 upya. Alitia tone la oili kwenye kila nati, akakaza, kisha akazishika mbilimbili akazibana kwa kiganja kwa nguvu zake zote. Zikalia, ka, ka. Akakaza tena, akazigonga kwa kucha akisikiliza kila upande utoe mlio mmoja. Gurudumu lile lilinibebea misimu miwili bila kukatika hata moja.

Kwako zimeshakatika ngapi? Zikifika tatu, acha kubadilisha moja moja. Zilizobaki zimechoka vilevile, ng'oa zote.