Kabla Hujamnunulia Mzazi Vidonge vya Kumbukumbu

Mama alianza kuuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Nikasema ni uzee tu. Kaka yangu, ambaye kwake kila tatizo lina kopo lake, akaleta vitamini za "kuimarisha ubongo". Mama akavimeza vidonge hivyo miezi miwili. Kilichobadilika ni rangi ya mkojo, ukawa wa manjano kali (hiyo ni kazi ya vitamini B2 iliyomo).

Siku moja akaingia sebuleni na ndala moja. Ya pili ilikuwa imemvuka mlangoni, wala hakuhisi. Daktari aliposikia habari ya ganzi ya miguu, aliacha kuuliza kuhusu kusahau, akauliza dawa anazotumia. Metformini ya kisukari, mwaka wa tisa. Akaagiza kipimo cha vitamini B12, na majibu yakaja iko chini mno.

Nilibisha, maana mama anakula samaki, mayai na maziwa, na B12 iko humo. Kumbe kula ni jambo moja, kufyonzwa ni jingine. Mwili unahitaji takriban maikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini metformini ikitumika miaka mingi huzuia ufyonzwaji wake. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazoli, nazo zina tabia hiyo. Umri wenyewe unachangia: tumbo la mzee mara nyingi hutoa asidi kidogo. B12 ikikosekana, utando unaofunika neva huharibika, ndipo ganzi na usahaulifu vinapoingia.

Alichomwa sindano za B12. Maswali yamepungua sana, ganzi imebaki kidogo kwenye vidole. Tungewahi, labda isingebaki.

Usikimbilie sindano kwa sababu ya mama yangu, lakini. Mwenye B12 ya kutosha hapati akili zaidi kwa kuongezewa. Ninachokuomba ni hiki: kusanya dawa zote za mzee kwenye mfuko, pamoja na makopo aliyoletewa na ndugu, umpelekee daktari. Asidi ya foliki (vitamini B9) nyingi inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Vitamini E ya dozi kubwa huongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Makopo ya kaka bado yako juu ya kabati. Mama huuliza ni ya nani. Siku hizi huuliza mara moja tu.