Anti, nimekatwa tumbo na mama mkwe ananiletea mtori

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tabata, mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nilikuwa na kilo 131 na presha juu. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata tumbo na kutoa kipande, leo siku ya kumi na mbili. Siku za mwanzo gesi iliniuma mpaka bega la kushoto ila imeisha. Shida ni kwamba kilo zilishuka fasta wiki ya kwanza sasa mzani umeganda, nikinyanyuka kitandani macho yanaingia giza, na nalia hovyo, yaani juzi jirani kakaanga samaki harufu ikaingia dirishani nikalia kama nimefiwa. Mume wangu anasema hela yote hiyo si bora ningeweka puto la tumboni. Mama mkwe naye kaja toka Moshi kuniuguza, kila saa bakuli la mtori, anasema hivi vimaji vitaniua, nikikataa ananuna. Jana nikala vijiko vitano nikatapika vyote. Mgongo uliniuma pia nikameza diklofenaki ya jirani. Nimeharibu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Kutapika mara moja baada ya kula kitu kizito sio lazima umeharibu, ila leo hii piga simu hospitali uliyofanyiwa uwaambie ulichokula, umetapika mara ngapi, na hiyo diklofenaki. Na usikie vizuri hapa: maumivu ya tumbo yakipanda badala ya kushuka, homa, moyo kwenda mbio zaidi ya mapigo 120 kwa dakika na wewe umekaa tu, bega likirudi kuuma, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, au hata maji hayakai tumboni, hapo husubiri siku ya kliniki, unaenda saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku. Palipokatwa panaweza kuvuja, na damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni, na wiki hizi za mwanzo ndizo za kuangalia sana. Ndio maana walikuambia utembee ndani ya nyumba, sio kukukomoa. Diklofenaki usirudie tena, wala ibuprofeni, zinachimba vidonda tumboni. Kuhusu mgongo waulize hao hao, mara nyingi parasetamo ndio wanaruhusu.

Sasa mtori. Tumbo lililobaki ni jembamba kama ndizi, robo tatu hivi au zaidi imetolewa, na mstari wote umebanwa kwa pini ndogo ndogo, nyama yenyewe bado haijashikana sawasawa. Kwa hiyo wiki mbili hivi za mwanzo ni vimiminika, halafu vya kusagwa, halafu vyakula laini, chakula cha kawaida kinakuja kama wiki ya sita hadi ya nane, hospitali zinatofautiana kidogo wewe fuata karatasi uliyopewa. Mama mkwe hana ubaya jamani, kwao mtori ndio wa mzazi na mgonjwa, na wewe kakukuta umetoka thieta na bandeji tumboni, ulitaka akuletee nini? Usigombane naye, mpe kazi. Achemshe kuku mpaka alainike, supu aichuje na chujio la chai, mafuta yanayoelea ayaengue kwa kijiko, hiyo unakunywa sasa hivi. Ukifika hatua ya kusagwa ndio apike mtori wake, ila nyama iwe nyingi ndizi kidogo, aupige kwenye blenda mpaka usibaki uzi hata mmoja wa nyama, na uishie vijiko viwili vitatu. Mwili unataka protini gramu 60 hadi 80 kwa siku na ndizi haikupi hiyo. Kwa sasa inatoka kwenye maziwa yasiyo na mafuta, mtindi mwepesi usio na sukari, na ile protini ya unga kama ulielekezwa.

Hilo giza la machoni nahisi ni maji kidogo, au dawa ya presha, au vyote viwili. Chukua kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya watoto, pima mililita 30, maliza hizo kila robo saa, kwa funda ndogo ndogo, ukienda hivyo masaa kumi na mawili umefika karibu lita moja na nusu. Usigugumie, soda achana nayo, na ukianza kula usinywe na chakula, subiri nusu saa. Presha nayo, ukila kidogo na kilo zikishuka dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kwako. Pima ukiwa umekaa, pima ukiwa umesimama, wapelekee daktari hizo namba leo, usikate dozi mwenyewe.

Mzani upandishe juu ya kabati, pima mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza sehemu kubwa ni maji yanatoka, baadaye mwili unatulia, wiki ya pili ya tatu wengi sana wanagandia hapo na kuanza kuona wameibiwa. Na kama mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji nywele zikianza kubaki kwenye kitana usije ukaniandikia unalia, kwa wengi zinarudi, wewe meza vitamini zako kila siku.

Kuhusu kulia, nitakuambia ninavyoona mimi. Chakula kilikuwa furaha yako, faraja yako, stori za jioni na mumeo, kimeondoka siku moja na wewe hulali vizuri, sasa usilie kwa nini? Samaki akikaangwa funga dirisha au toka nje utembee, njaa hiyo ni ya kichwani, inapita. Ila kilio kikikaza wiki na wiki, au ukaanza kuwaza afadhali ufe, mwambie daktari waziwazi.

Mumeo mwambie puto, kama lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, linaingizwa kwa mdomo bila kukata na baada ya miezi linatolewa. Ni tiba tofauti, daktari anaangalia uzito na magonjwa ya mtu. Na mkiwa mmepatana, mpange uzazi, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

SWALI: Mimi ni mwanamume wa Mombasa, nimefanyiwa bypass ya tumbo, ule upasuaji mwingine wa kupunguza uzito, mwezi jana, Ramadhani iko mlangoni. Nifunge?

JIBU: Mwaka huu hapana kaka, wewe bado mgonjwa na mgonjwa ana ruhusa yake, kaa na sheikh wako akueleze utalipaje. Hesabu mwenyewe, lita moja na nusu kwa funda kati ya magharibi na alfajiri utakesha unakunywa, na dawa utameza saa ngapi? Mwakani muulize daktari wako kwanza. Akikuruhusu, fungua kwa maji na supu, tende moja tu, kaimati na sharubati ziache, maana kwa bypass sukari nyingi ikishuka kwenye utumbo ghafla utatoka jasho, moyo utakudunda na tumbo la kuhara litakutoa kwenye tarawehe.