Njoo na kurasa mbili, tasnifu iache ofisini

Mara ya kwanza kuwasilisha utafiti wangu kwenye mazungumzo yetu ya saa saba mchana, ambapo watu hula huku wakisikiliza, hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuja na slaidi 34. Nilizungumza dakika 50. Wali wa watu ulipoa, wakanipigia makofi, wakasema "hongera Dokta", wakaondoka. Sikupata swali hata moja. Iliniuma, lakini kosa lilikuwa langu: nani atakusaidia kupika chakula ulichokwisha kupakua?

Muhula uliofuata nilikuja na kurasa mbili tu za mahojiano na mama muuza samaki wa soko la Feri kuhusu mchezo, ile michango ya kupokezana kwa zamu. Kiswahili chake nilikiacha kama kilivyo. Kwenye rasimu yangu ya Kiingereza, pesa ile nilikuwa nimeiita akiba. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, ambaye tangu aanze kuja hakuwahi kusema neno, akaweka kijiko chini akasoma sentensi moja kwa sauti: "Nikishapokea, silali mpaka wenzangu wote wapokee." Kisha akaniambia, "Mwalimu, mama yangu ni kijumbe. Anayepokea mwanzo hajaweka akiba, huyo anadaiwa."

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Wa mwanzo anakopa, wa mwisho anaweka akiba, na kijumbe ndiye anayepanga nani awe wapi. Nilirudi Feri kuuliza zamu zinapangwaje, na sura nzima ikaandikwa upya.

Kwa hiyo ukipewa nafasi, leta kitu kibichi. Na kama watu uliowahoji walizungumza Kiswahili, wenzako wakisome kwa Kiswahili. Tafsiri yako tayari ni uchambuzi, na mara nyingi kosa limejificha humo humo. Zungumza dakika 15, halafu nyamaza. Usijibu kila hoja papo hapo, andika.

Anayeongoza awape wanafunzi nafasi kwanza. Profesa akitangulia, wadogo watafuata njia yake. Hapa Mlimani jambo hili si geni: mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, mwenyekiti wao akiwa Yoweri Museveni, walikutana Jumapili kwa madarasa ya itikadi waliyoyaandaa wenyewe, na mhadhiri kama Walter Rodney akashiriki nao. Hapakuwa na alama wala cheti, watu walikuja kwa sababu hoja ziliwahusu.

Kuhusu chakula, kila mtu aje na sahani yake kutoka kantini. Niliwahi kuona mazungumzo mazuri yakifa mara tu bajeti ya chakula ilipokwisha. Ijumaa iepukeni, wenzetu wanakwenda msikitini. Na Ramadhani hamishieni saa nne asubuhi, bila sahani.

Jambo la mwisho nalisisitiza sana. Futa majina na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, hata namba ya meza yake sokoni, na kusanya nakala zote kabla watu hawajainuka. Zihesabu. Karatasi za ofisi katika mji huu huishia kufungia karanga, na Feri si mbali.