Sauti ikikupwea darasani: kwa mwalimu anayeanza kazi

Tunasema sauti imekauka, na neno hilo limewapoteza wengi. Mtu akisikia "imekauka" anakimbilia kulainisha: asali na limau, tangawizi mbichi ya kutafuna, pipi za koo. Kumbe mara nyingi hakuna kilichokauka. Nyuzi za sauti zimevimba, zimekuwa nzito, na hazikutani tena sawasawa. Hewa inapita katikati yake bila kuzitetemesha vizuri, ndiyo maana sauti inatoka yenye mikwaruzo au haitoki kabisa.

Weka vidole kwenye kikoromeo, kisha sema "mmm". Mtetemo unaousikia unatoka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Humo mna mikunjo miwili midogo ya misuli, imefunikwa kwa utando laini wenye ute. Tunaiita nyuzi ingawa haifanani hata kidogo na nyuzi za gitaa. Kwa mwanaume mzima huwa na urefu wa milimita 17 hadi 21 hivi, kwa mwanamke 11 hadi 15. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni, mikunjo hiyo inagongana na kuachana kama mara 110 hadi 120 kwa sekunde kwa mwanaume, na kama mara 200 kwa mwanamke. Sasa piga hesabu. Katika kipindi cha dakika 40, tuseme sauti yako imetoka kwa jumla ya dakika 15 tu. Kwa mwalimu wa kike hiyo ni migongano 180,000, na bado ana vipindi vingine vitano. Hii ni sababu mojawapo ya walimu wa kike kuumia nyuzi zaidi ya wenzao wa kiume. Habari za "koo dhaifu" ni maneno ya ofisini.

Kadiri unavyopaza sauti, ndivyo migongano inavyokuwa mizito. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu mpya ni kupunguza sababu za kupaza.

Darasa lenye watoto 80 halifundishwi kwa koo. Sauti hufifia haraka kwa umbali, hivyo ukisimama ubaoni kumsomea mtoto wa dawati la nyuma unajiumiza bure. Sogea. Simama kati ya safu ya tatu na ya nne unapoeleza jambo refu, au panga madawati kwa nusu duara kama chumba kinaruhusu. Unapoandika ubaoni, nyamaza. Anayeongea huku ameukabili ubao sauti yake inagonga ukuta, darasa halimsikii, analazimika kupaza, na wakati huohuo anavuta vumbi la chaki lililo umbali wa shubiri moja kutoka puani. Futa ubao kwa kitambaa kibichi, si kwa dasta kavu, na kiranja anayefuta afute kabla hujaanza kuongea.

Kelele nazo zina hila. Mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua, na watoto nao hupaza wakusikie, mnaishia kushindana. Usiitulize kelele kwa sauti yako. Makofi ya mpangilio ambao watoto wanauitikia kwa makofi, mkono ulioinuliwa, kengele ndogo mezani: chagua kimoja wiki ya kwanza na usikibadilishe. Kwenye paredi na viwanjani tumia filimbi. Watoto wanapoitikia kwa pamoja, usiitikie nao, subiri wamalize. Na mvua ikipiga bati, hapo hakuna mjadala. Acha kueleza, toa zoezi la kuandika au kusoma kimya. Hakuna koo lililowahi kulishinda bati.

Kuna tabia mbili zinazoonekana hazina madhara. Ya kwanza ni kukohoakohoa ili kusafisha koo kabla ya kusema. Kila ukifanya hivyo unazigonganisha nyuzi kwa nguvu, zinachubuka, zinatoa ute zaidi, na ute huo unakufanya ukohoe tena. Badala yake meza mate mara mbili, au kunywa funda moja la maji, au guna taratibu "mmm". Ya pili ni kunong'ona. Mwalimu aliyepwewa sauti huwafundisha watoto kwa mnong'ono akiamini anapumzika. Mnong'ono wa kulazimisha hukaza misuli ya zoloto na mara nyingi huchosha kuliko sauti ya chini ya kawaida. Ukiwa na lazima ya kusema, sema polepole, kwa sauti ndogo, ukiwa karibu na unayemwambia.

Maji ni muhimu, ila elewa yanavyofanya kazi. Unachomeza hakizigusi nyuzi; kingezigusa ungepaliwa. Maji husaidia baada ya kuingia mwilini na kuufanya ute wa kwenye utando uwe mwepesi, jambo linalochukua saa, si dakika. Hivyo chupa ya nusu lita inywewe kidogokidogo tangu asubuhi, nyingine baada ya mapumziko. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Wapo walimu wa kike wasiokunywa maji kutwa nzima kwa sababu choo cha walimu hakifai. Hilo ni la kupelekwa kwenye kikao cha walimu bila haya, maana ni suala la kazi. Asali na tangawizi hutuliza koo la juu, na si vibaya. Pipi kali zenye mentholi hutia ganzi, maumivu yanatoweka, nawe unaendelea kupaza juu ya kidonda.

Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni mvuke. Chemsha maji, yaepue, yamimine kwenye beseni lililokaa imara mezani, subiri dakika moja au mbili, kisha jifunike kitambaa na uvute kwa mdomo na pua kwa dakika 10, asubuhi na jioni. Usiinamie sufuria iliyo jikoni, wala usiweke dawa ya kuchua ndani ya maji. Watoto wadogo wawe mbali, kwani beseni la maji ya moto limeunguza wengi.

Zoezi la mrija ndilo tungependa kila mwalimu alijue. Chukua glasi yenye maji nusu na mrija wa soda. Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 au 3 tu. Funga midomo kuuzunguka, puliza mapovu bila sauti, kisha ongeza "uuu" laini huku mapovu yakiendelea. Mapovu yakikatika, ujue unabana pumzi kooni. Legeza mashavu na mabega uanze upya. Ukishazoea, panda polepole toka sauti nene hadi nyembamba na ushuke. Dakika 3 kabla ya kipindi cha kwanza na 3 baada ya cha mwisho zinatosha. Maji na mrija mwembamba huzuia pumzi kidogo, shinikizo dogo linarudi kwenye zoloto, na nyuzi zinatetemeka zikiwa zimeachana kidogo, bila kugongana kwa nguvu. Huna mrija? Tetemesha midomo "brrr" kama mtoto anayeendesha gari la makopo. Ofisini watacheka siku mbili.

Sasa, sauti ikiondoka ghafla pamoja na mafua, koo kuwasha na homa kidogo, huo kwa kawaida ni uvimbe wa zoloto unaoletwa na virusi. Huisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Amoksilini ya duka la dawa haiui virusi, hivyo usiinunue. Parasetamoli kwa maumivu (mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku), mvuke, maji, na kimya cha siku mbili au tatu. Omba ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi. Mwalimu anayefundisha juu ya nyuzi zilizovimba ndiye anayegeuza ugonjwa wa wiki moja kuwa wa muhula mzima. Aspirini iache kipindi hiki, kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuvia kwenye nyuzi. Na jihadhari na sindano ya "kurudisha sauti" kabla ya mahafali au mkesha wa kwaya. Aghalabu ni dawa ya kushusha uvimbe: sauti inarudi, jeraha linabaki, nawe unaimba juu yake.

Sauti inayochoka kila alasiri na kupona kila likizo ni jambo jingine. Hapo fikiria vinundu. Ni kama sugu za kiganja cha mkulima: huota pande zote mbili, pale nyuzi zinapogongana zaidi. Tiba yake ya kwanza ni mazoezi ya sauti na kubadili matumizi, kwa wiki kadhaa hadi miezi. Kisu huja mwisho, na ukirudi kupaza kama zamani vinarudi. Kijinyama kinachoota upande mmoja, pengine baada ya ukelele mmoja mkali uwanjani, mara nyingi huhitaji kuondolewa.

Sauti mbovu asubuhi inayotengemaa mchana, pamoja na hisia ya donge kooni, huelekeza kwenye asidi ya tumbo inayopanda usiku. Kiungulia si lazima kiwepo. Maliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala, inua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali, sentimita 15 hivi (mito huukunja mwili tu), na punguza chai nzito na pilipili za usiku. Mwenye pumu anayetumia dawa ya kuvuta asukutue mdomo na koo kwa maji kila baada ya kuvuta na kuyatema, la sivyo dawa hiyo yenyewe huweza kumharibia sauti.

Kuna mpaka ambao hauvukwi kwa tangawizi. Sauti ikiwa mbovu kwa zaidi ya wiki 3, hata bila maumivu, nyuzi ziangaliwe kwa macho. Usingoje wiki hizo kama una shida ya kumeza, unakohoa damu, una uvimbe shingoni, unakonda, au sauti imebadilika baada ya upasuaji wa rovu (goita) au wa kifua. Pumzi ikipita kwa mluzi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Saratani ya zoloto huwapata hasa wavuta sigara, pombe ikiongeza hatari, nayo ikishika nyuzi zenyewe sauti hubadilika mapema, wakati bado inatibika. Kifua kikuu nacho hushika zoloto; mwenye kikohozi cha wiki 2 apime makohozi. Mshipa wa fahamu unaoongoza uzi wa sauti wa kushoto hushuka hadi kifuani kabla ya kurudi shingoni, kwa hiyo uvimbe wa kifuani unaweza kuupoozesha uzi huo huku koo likiwa zima kabisa.

Anayekuangalia ni daktari wa masikio, pua na koo. Zahanati au hospitali ya wilaya ikuandikie rufaa. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara hiyo. Atatumia kamera nyembamba inayopita puani, dakika chache tu, au kioo kidogo chenye mpini. Kioo hicho kina asili ya kutupendeza sisi walimu: mwaka 1854, jijini Paris, Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha kuimba, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua.

Ukifika usiseme tu "koo linauma". Taja ni lini ilianza, ni asubuhi au jioni inapozidi, una vipindi vingapi kwa siku na watoto wangapi, kama unaimba kwaya au kuhubiri Jumapili, unavuta nini, unatumia dawa gani. Chukua na barua ya Mwalimu Mkuu kama ipo, kwa sababu ukipewa mazoezi utahitaji kupunguziwa vipindi: wiki ya kwanza nusu ya vipindi vyako, visifuatane, zamu ya paredi ashike mwingine, na glasi yako na mrija vikae kwenye dawati la ofisini.