Toa kidole kwenye hicho kikombe

Mkuu, nimeona picha yako. Jahazi lako la mfano limetulia, tanga limeshonwa kwa mkono, mpaka foromali, ule mti wa kufungia tanga, umeichonga. Halafu pembeni kidole chako kimo ndani ya kikombe kinakoroga epoksi, ile rezini ya makopo mawili inayochanganywa ikaganda. Kidole! Umeuliza hiyo bahari ya epoksi ya kuliweka jahazi uipe rangi gani, kalibu utengeneze kwa kitu gani, na kama lita moja itatosha. Tutafika huko. Toa kidole kwanza.

Mimi nipo Tanga, Ngamiani, na kazi hiyo nimeifanya miezi minane uani kwangu: majahazi kama lako, na visamaki vya silikanti, yule samaki wa kale, ndani ya rezini angavu, vya kuwauzia wageni. Aliyeniuzia makopo ni fundi wa maboti ya faiba. Nikamuuliza, hii haidhuru? Akacheka. "Ile ya maboti ndiyo inanuka. Hii haina hata harufu, itakudhuru na nini?" Akanionyesha na namna ya kunawa: tina ya rangi kidogo kwenye kitambaa, mikono inang'aa. Nikamwamini kama imamu. Leo nikimwona navuka barabara, maana tukisimama pamoja ataitwa mjumbe.

Harufu haihusiani kabisa! Ile ya maboti, poliesta, inanuka kwa sababu ya stairini iliyomo, nayo ina balaa lake. Epoksi hainuki sana, lakini rezini yake ikiwa mbichi ngozi inaweza kuikataa, na hadena yake, ile ya kopo la pili inayoigandisha, yenye kemikali za jamii ya amini, vilevile. Tina sasa ndiyo inaiyeyusha, inaondoa mafuta ya ngozi, inaifungulia mlango. Yaani kila jioni nilikuwa nautoa uchafu juu nauingiza ndani, tena kwa bidii.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa tano hakuna kitu. Wa saba pakaanza kuwasha katikati ya vidole. Duka la dawa wakasema fangasi, nikamaliza tyubu tatu. Vikaja vipele vya maji, ngozi ikapasuka, nikawa siwezi hata kumenya chungwa la Muheza, ile juisi yake ikiingia kwenye nyufa unamkumbuka marehemu bibi. Asubuhi moja nikaamka kope zimevimba, na machoni sijawahi kujimwagia hata tone. Sasa sisi Tanga mnatujua. Shangazi kuniona tu, hakuuliza kuhusu epoksi, aliuliza nimegombana na nani. Kuku mweupe alishatajwa.

Kumbe simu. Nilikuwa napokea simu kwa mikono hiyohiyo, rezini inabaki kwenye kioo, kwenye kitasa, kwenye mpini wa birika, halafu najikuna jicho. Daktari wa ngozi akanibandika vibandiko vya kupima mzio mgongoni, nikakaa navyo saa 48. Cha epoksi kilipotoka kikaacha duara jekundu limevimba. Akaniambia mwili umeshaiandika kuwa adui na hautaifuta, si mwezi huu wala mwakani. Siku hizi jirani akichanganya ile gundi ya tyubu mbili, nayo ni epoksi, kuunga ndoo yake, mimi huku nikiigusa ndoo kabla haijakauka, kope zinaitikia. Makopo yaliyobaki nimemgawia mtu bure pamoja na mahubiri haya haya.

Kwa hiyo sikiliza: rezini ambayo haijaganda kabisa haigusi ngozi. Hata tone. Tafuta glavu za nitraili. Zile nyeupe za lateksi za duka la dawa nilizivaa mwishoni, epoksi inazipenya, na jasho letu hili linaipikia humo ndani. Ikichafuka, ivue kwa kuipindua, tupa. Usiioshe uivae kesho kwa ubahili kama mimi, glavu moja uliyookoa itakuletea bili ya daktari. Shati la mikono mirefu. Simu iache chumbani, anayekupenda atapiga tena. Rezini ikikudondokea, futa kwa kitambaa kikavu, halafu sabuni na maji mengi. Sabuni! Tina ni ya brashi.

Na usikimbilie msasa kesho yake eti imeshakuwa ngumu. Ngumu si kuganda. Soma kopo, mengine yanataka hadi wiki nzima, na vumbi la iliyoganda nusu ni ileile rezini, sasa inapaa. Subiri, piga msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi. Ile ya kitambaa ya enzi za korona mpe mtoto achezee.

Lita moja, ndiyo, itatosha, ila usiimwage yote kwa mpigo. Inapoganda inajipasha moto yenyewe. Kikombe changu cha robo lita kilitoa moshi kikalegea mkononi mwezi wa pili, maana ule muda ulioandikwa koponi umepimwa kwenye ubaridi kuliko uani kwetu. Tabaka jembamba, likipoa, lingine.

Kalibu wataeleza wengine. Na rangi ya bahari pia, maana mimi bahari yangu ya mwisho nilikosea vipimo, mpaka leo ipo juu ya kabati inanata, na hakuna mtu nyumbani anayekubali kuishusha.