Faili Halina Miguu: maswali ya wakuu wapya wa kumbukumbu za afya

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliokabidhiwa kitengo cha kumbukumbu za afya hivi karibuni. Nimezifupisha, na majina ya watu na hospitali nimeyaacha.

Shikamoo mama. Kila asubuhi mafaili kumi, kumi na tano hayaonekani, wagonjwa wanafunguliwa mapya. Vijana wangu wanasema dawa ni kompyuta. Nisubiri?

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Faili halina miguu. Kuna mtu amelibeba, na mara nyingi amelibeba kwa ajili ya kazi. Chukua orodha ya mafaili hamsini yaliyokosekana, uyatafute mwenyewe, na kila moja uandike umelikuta wapi. Mimi nilipofanya hivyo, zaidi ya nusu niliyakuta chumba cha bima, yamerundikwa yakisubiri fomu za madai kusainiwa. Mengine yalikuwa kwenye droo ya daktari aliyekuwa safarini. Moja lilikuwa limekingia mlango wa stoo usijifunge. Mwaka mzima nilikuwa nawalaumu vijana wa rafu.

Kisha weka kadi ya mbadala: faili likitoka, kadi ngumu ya rangi inakaa mahali pake, imeandikwa namba, tarehe, limekwenda wapi na nani kalichukua. Bila kadi faili halitoki, hata anayelitaka akiwa mganga mfawidhi. Hapo utagombana na watu wiki mbili hivi, halafu watazoea.

Na kama mnapanga kwa mfululizo wa namba, fikirieni kupanga kwa tarakimu za mwisho. Namba 04-57-83 inakwenda rafu ya 83, ndani yake sehemu ya 57, halafu ni faili la 04. Mafaili mapya yanasambaa rafu zote mia badala ya kujazana mwisho wa chumba, na kila kijana anakuwa na rafu zake za kuulizwa. Kompyuta ikija itakuta nyumba imefagiliwa.

Tuna mama ambaye faili lake linaonyesha kundi la damu O mwaka jana, mwaka huu B. Maabara wamerudia kipimo, wanasema hawajakosea. Nifanyeje?

Maabara huenda wako sahihi mara zote mbili. Ninavyohisi, faili hilo lina watu wawili: mwenye kadi ya bima, na dada au wifi aliyeazimwa kadi.

Sisi tunahangaika sana na mgonjwa mmoja mwenye namba mbili. Hilo linaudhi ila linatibika: unaunganisha, namba ya zamani unaiacha ikielekeza kwenye mpya, huifuti. Watu wawili ndani ya namba moja ndio hatari yenyewe, kwa sababu daktari anasoma historia isiyo ya mtu aliyekaa mbele yake. Mzio wa dawa ni wa mmoja, upasuaji ni wa mwingine. Siku damu inahitajika usiku, kila mtu ana haraka.

Leo hii weka alama juu ya faili na kwenye mfumo, kwamba kundi la damu lisiaminiwe mpaka lipimwe upya. Halafu kaa na daktari, muuguzi na mtu wa maabara, mpitie hudhurio moja moja: umri, uzito, urefu, mimba, kovu la upasuaji. Karatasi ambayo hamna hakika nayo msimgawie mtu yeyote; iwekeni kando na maelezo yake.

Sasa nenda dirishani ukasikilize. Karani akiuliza, "Wewe ndiye Asha?" mgonjwa anajibu ndiyo, basi. Mfundishe aulize, "Majina yako matatu? Umezaliwa lini?" kisha anyamaze, atazame picha ya kwenye kadi. Kadi ya kuazima ni kosa, sikatai. Ila ukimpigia mtu kelele za polisi mbele ya foleni, kesho atakwenda kununua dawa dukani na wewe hutamwona tena. Mwite pembeni, mfungulie faili lake mwenyewe, suala la malipo lishughulikiwe na wanaohusika.

Mkuu wa utumishi anataka nimpe faili la matibabu la mfanyakazi mwenzetu anayeumwaumwa sana. Ni bosi, naogopa.

Usimpe. Mfanyakazi akiingia kutibiwa ni mgonjwa kama wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwambie kwa adabu: "Mkuu, naomba ombi hilo liandikwe, nilipeleke kwa mganga mfawidhi pamoja na ridhaa ya mgonjwa." Wengi wakiambiwa waandike, haja inaisha. Na ukague kwenye mfumo nani wamekwishalifungua faili hilo. Huenda ukakuta majina ya watu wako mwenyewe.

Karibu kila cheti cha kifo wodini kwetu kimeandikwa "moyo kusimama". Mimi nina diploma tu. Nitamfundishaje daktari bingwa?

Humfundishi udaktari, unamwonyesha fomu. Kila anayekufa moyo wake husimama, kwa hiyo ukiandika hivyo hujasema kitu. Omba dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi, andika ubaoni:

(a) mshtuko wa kupoteza damu
(b) kuvuja damu baada ya kujifungua
(c) kondo la nyuma kubaki

Mstari wa juu ni kilichomuua mwishoni. Unashuka chini mpaka kwenye kilichoanzisha yote. Mstari wa chini kabisa ndio tunaoutafutia msimbo wa chanzo, yaani namba ya ugonjwa inayoingia kwenye takwimu za vifo. Halafu futa yote, uandike "moyo kusimama", uwaulize huyo mama atahesabiwa wapi. Nyamaza hapo. Nimeona daktari wa miaka ishirini kazini akiomba arudishiwe vyeti vyake vya wiki ile.

Jambo moja: usikirekebishe cheti wewe mwenyewe, hata kama jibu unalijua. Kirudishe kwa aliyekisaini, na siku hiyohiyo, maana baada ya wiki moja hakuna anayekumbuka.

Umeme ukikatika au mfumo ukikwama, dirisha letu linasimama kabisa. Tunawaambia wagonjwa wasubiri.

Mgonjwa wa dharura hawezi kusubiri mtandao. Tengenezeni sanduku moja kila dirisha: fomu za karatasi, rejesta, tochi, na namba mia mbili zilizotengwa mapema, ambazo mfumo hautazitoa kwa mtu mwingine. Mfumo ukirudi, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aingize yote kabla zamu haijaisha. Fungueni sanduku kila mwezi mkague. Kalamu zifungwe kwa kamba. Kwetu tulijaza sanduku mara nne, na mara nne tukakuta kila kitu kipo isipokuwa kalamu.